Benchi la Nyuma

Wiki jana Mwalimu Barasa, kijana aliyeshika kazi yangu, alifika nyumbani akaegemeza baiskeli ukutani. Alikataa uji mara ya kwanza kwa adabu, akaukubali mara ya pili kwa njaa, kisha akaniuliza, "Mwalimu, lile benchi la wenye dhambi lilienda wapi? Wazee wanataka tulirudishe. Wanasema siku hizi watu hawanyenyekei."

Nilikuwa nimekaa vizuri. Tangu nistaafu nimekuwa nikikaa vizuri. Ni kazi ninayoiweza kuliko ile niliyoifanya miaka yote. Lakini kusikia neno "benchi" nilisimama. Mke wangu Loise, ambaye ananijua kama mtu wa kusimama kwa ajili ya chakula peke yake, alitoka jikoni kuangalia kama kuna nyoka.

"Keti, utatisha mtoto wa watu," akaniambia.

Niliketi. Hasira ilikataa kuketi. Ndiyo maana ninaandika haya, yawafikie Barasa na makatekista wenzake wote wanaozunguka na baiskeli kati ya Malaba na Butula wakidhani wamezaliwa ulimwengu usio na historia. Habari za mishahara na vyeo sitaandika. Atakayezitaka amtafute aliyevipata.

Nilianza kazi Malaba, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimesoma sekondari, jambo ambalo siku hizo lilimfanya mtu kuwa karani, na karani akawa bwana mkubwa. Mimi sekondari ilinifanya nilie. Bwenini nililia kwa sababu ya uji wao, nikalia kwa sababu ya vitanda vyao, na nilipomaliza niliapa kwamba sitalala tena mahali ambapo sisikii kuku wa mama yangu. Kanisa lilipotafuta katekista nilijitokeza mbio, nikijua nitawekwa karibu na nyumbani. Wakanipeleka Malaba, kwenye malori.

Kwa asiyeijua kazi hii: kasisi ana makanisa mengi, na kwako hufika mara chache kuleta Meza ya Bwana. Siku nyingine zote ni wewe. Unafundisha ubatizo, unazika, unasuluhisha mume na mke, unafagia, unafukuza mbuzi madhabahuni. Siku yangu ya kwanza niliwahubiria madereva wa malori na mataniboi, wasaidizi wao, juu ya kujiweka chini ya mamlaka ya Mungu. Nilikuwa nimeandaa maneno makubwa. Nilipofika katikati treni ilipiga honi, nusu ya kanisa ikatoka kwenda kutazama mizigo yao. Waliobaki walibaki kwa sababu walikuwa wamelala. Taniboi mmoja tu alikuwa macho, akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo dhambi, mtu akiifanya upande wa Uganda, inahesabiwa huku Kenya?"

Nikamwambia kwamba kwa Mungu hakuna kizuizi cha barabara.

Akafikiri. "Basi huyo ni boss kweli. Hawa wetu ukishavuka daraja hawakujui."

Nimesikia mahubiri ya watu wenye majoho tangu siku ile, na wengi wao hawajamfikia yule taniboi.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Festo, katekista mzee, mwembamba kama ufito, aliyekuwa akitembelea makanisa yetu kwa miguu kwa sababu alisema baiskeli humfanya mtu awapite watu. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, ikining'inia kwenye mti, tukiigonga kwa spana. Festo alinifundisha kuigonga: taratibu, kama mtu anayebisha hodi, maana watu wanakuja kwa Mungu, hawakimbii moto. Alinifundisha pia kufunga kitabu cha nyimbo kwenye kipande cha turubai kabla ya msimu wa mvua, na kupiga goti asubuhi kabla ya kuvaa viatu. "Ukishavaa kiatu," alisema, "goti linaanza kutafuta barabara."

Juu ya dhambi alikuwa na neno moja ambalo nimelibeba hadi leo. Tulikuwa tunakunywa chai kando ya reli. Nikamwomba anipangie dhambi, kubwa na ndogo, ili nijue za kuanzia kuzifundisha. Akacheka hadi akakohoa.

"Wewe umesoma, unataka silabasi," akasema. "Dhambi ni mtu kumwambia Mungu: kila mahali ni pako, lakini hapa natawala mimi. Mwizi anasema hivyo juu ya mkono wake. Mlevi juu ya koo lake. Lakini wa kuogopa ni sisi watu wa kanisa, mwanangu. Sisi tunaweza kusema hivyo tukiwa tumeshika ufunguo wa nyumba yake."

Baadaye nilihamishwa upande wa Matayos, karibu sana na kwetu, nikawa ninakula chakula cha mchana kwangu. Kama kuna siku nilimshukuru Mungu bila kulazimishwa na cheo, ni hiyo. Na huko ndiko nilikolikuta benchi.

Lilikuwa la mvule, refu, zito kama deni la damu, halina mgongo kwa kuwa mwenye dhambi hapaswi kuegemea. Lilikaa nyuma kabisa, kando ya mlango, pale ambapo upepo wa mvua ulifika kwanza. Mtu akitengwa na Meza ya Bwana, aliketi hapo kila Jumapili, kanisa zima likiingia kwa kumpita, mpaka wazee wa kanisa waseme ametubu. Festo alinieleza kwamba waliolianzisha walilifikiria kama kitanda cha hospitali: mtu analazwa ili apone. Vizuri. Lakini pale hospitali ya Nangina mgonjwa akipona anaambiwa aende nyumbani. Kwetu mtu aliondoka benchini siku ambayo wazee walikumbuka kwamba yupo.

Mimi ndiye niliyelipangusa vumbi benchi hilo, kwa hiyo naweza kusema ni akina nani waliliketia. Walevi waliketi, mradi wawe walevi maskini. Msichana aliyeshika mimba aliketi. Aliyempa hiyo mimba aliimba kwaya, sauti ya chini, tena vizuri. Mwanamke aliyegombana na mama mkwe aliketi. Sikuona hata Jumapili moja mtu amekalishwa hapo kwa kiburi. Sikuona mtu amekalishwa kwa kumnyanyasa mjane. Mungu hakosi orodha ya mambo yanayomchukiza, lakini ni kama ile yake na ile ya wazee wetu ziliandikwa na watu wasiosalimiana.

Sasa nije kwa Mama Egesa.

Alikuwa mke wa mkulima wa pamba, mtu mpole aliyefariki akimwachia watoto wadogo na nyumba ya nyasi. Mnajua desturi yetu: juu ya nyumba ya mwenye boma kuna mti unaochomoza kileleni, na akifa mti huo hung'olewa. Wakaung'oa. Kileleni pakabaki tundu, na tundu hilo lilikuwa sawasawa juu ya kitanda. Na mnajua desturi ya pili, ingawa mkiwa kanisani mnajifanya hamuijui: nyumba ya mjane haiezekwi mpaka arithiwe. Mwanamume anayepanda juu ya paa lake, huyo ndiye amemchukua. Ndivyo ukoo unavyosema, hauhitaji shahidi mwingine.

Wa kumrithi alikuwa shemeji yake, Ojiambo, mtu mwenye wake tayari na mazungumzo mengi kuliko jembe lake. Mama Egesa alimkataa. Alimkataa vizuri, bila tusi. Nilikuwapo.

"Shemeji, asante kunifikiria," alimwambia. "Lakini niliahidi mbele ya Mungu, na sikuahidi kuwa mke wa ukoo. Nikae na watoto wangu, nimtumikie yeye. Hayo ndiyo nimeamua, tena kwa kupiga magoti."

"Tutaona paa litakavyopiga magoti," Ojiambo akasema, akaenda zake.

Msimu wa mvua ulikuwa unakaribia. Ojiambo alijua kuhesabu mawingu. Paa likianguka, mjane angerudi kwao na watoto, na shamba lingebaki. Au angekubali arithiwe ili paa lipate mtu. Hakuhitaji kumgusa. Alihitaji kungoja tu, na kungoja ndiyo kazi aliyokuwa mzoefu nayo.

Mtasema: si kanisa lilikuwapo? Kanisa lilikuwapo. Kanisa letu lilikuwa likifundisha wazi kwamba mjane asilazimishwe kurithiwa. Tulikuwa na wanaume wenye mikono kama majembe, waliosimama kila Jumapili kushuhudia jinsi walivyomkabidhi Mungu maisha yao yote. Niliwauliza mmoja mmoja wanisaidie kuezeka. Mmoja alikuwa na mgongo. Mwingine alikuwa na msiba Butula, msiba ambao mpaka leo sijajua aliyekufa ni nani. Wa tatu alikuwa mkweli: "Mwalimu, Mungu nampenda, lakini lile paa siwezi panda. Watu watasema nini?" Walikuwa wamemkabidhi Mungu kila kitu isipokuwa watu-watasema-nini. Chumba hicho walikifunga na ufunguo wakaumeza.

Mama Egesa aliamka akaenda mwenyewe Malaba, akatafuta fundi asiyemjua mtu. Akapata mzee mmoja kutoka upande wa Tororo, jina lake Odoi, fundi wa nyasi kweli kweli, mwenye kibao chake cha kusawazishia kilichong'aa kwa miaka. Odoi aliezeka kuanzia chini, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu anayesuka ukili. Alipobakiza sehemu ya juu, Ojiambo alifika na vijana wa ukoo.

"Fundi," akamwita, "ukishuka, ushuke na mke. Umeshamrithi."

Odoi alikuwa na mke Tororo, na kwa alivyoshuka nadhani alimwogopa kuliko vijana wale. Alishuka akaelekea Malaba bila kugeuka. Alisahau hata kibao chake.

Jumapili iliyofuata Mama Egesa aliitwa kwenye baraza la wazee, chumba cha nyuma ya madhabahu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Zakayo. Alikuwa mzee wa heshima, koti jeusi, sauti ya kushuka polepole kama ndoo kisimani. Alikuwa pia binamu ya Ojiambo, lakini hilo halikutajwa kwenye sala ya kufungua.

"Mama Egesa," akaanza, "kuna mwanamume ameonekana juu ya nyumba yako."

"Ndiyo, mzee. Alikuwa anaezeka."

"Mchana watu wakiona?"

"Kuezeka kwa giza ni ngumu, mzee."

Mmoja wa wazee alikohoa kwa namna ya kuficha jambo. Zakayo hakukohoa.

"Unajua maana ya mwanamume kupanda nyumba ya mjane?"

"Maana yake nyumba ilikuwa inavuja."

"Maana yake," Zakayo akasema, "ni uzinzi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Someni tena, makatekista wenzangu, msome polepole. Watu hawa walimhukumu mwanamke kwa dhambi ambayo haipo popote isipokuwa katika ile sheria ya ukoo ambayo wao wenyewe walikuwa wakiihubiri kwamba tumeiacha. Waliitupa desturi mlangoni, wakairudisha kwa dirisha, wakaivika joho.

Nikasema. Sikuwa na kura, katekista hana kura, lakini mdomo ninao. "Mzee, hiyo maana ni ya ukoo. Kanisani tumeikataa. Tunaikataaje asubuhi, halafu mchana tunamfunga nayo mama huyu?"

"Mwalimu," Zakayo akanijibu kwa upole ule ulioniuma zaidi, "wewe umesoma sana, na kusoma kunaleta maneno. Dhambi kubwa ya siku hizi ni watu kukataa kunyenyekea. Asiyetii wazee waliowekwa na Mungu, hamtii Mungu. Mama akae benchi la nyuma mpaka tuone ametulia."

"Ametulia maana yake arithiwe?" nikauliza.

"Atulie," akasema. Wakafunga kwa sala.

Nilitoka nikiwaka. Nyumbani nilimweleza Loise huku nikila, kwa sababu hasira haijawahi kunizuia kula. Nilisema nitamwandikia kasisi, nitakwenda kwa askofu kwa miguu, nitaacha kazi. Loise aliniongezea mboga.

"Wewe wa kwenda kwa askofu kwa miguu," akasema, "juzi ulishindwa kwenda kisimani kwa sababu ya umande."

Kilichonikera kuliko yote ni Mama Egesa mwenyewe. Jumapili iliyofuata alikuja, akaketi kwenye lile benchi na watoto wake, mgongo wima, akaimba kila wimbo. Sikuelewa. Baada ya ibada nilimfuata.

"Mama, mbona umekubali? Hukutenda kosa."

"Mwalimu, leo ulikuwa unagonga ile rimu kama unamfukuza mtu," akanijibu. "Nilikuwa njiani nikasema, mwalimu wangu leo ana hasira. Sasa niulize: hiyo hasira umeipatia kwa maombi ama umekuja nayo kutoka nyumbani?"

"Nimekuja nayo."

"Basi iombee, inaweza kuwa nzuri. Sikia. Benchi ni la kanisa, na mahali pa kukaa kanisani sichagui. Mungu akiniambia nikae mlangoni, nitakaa mlangoni, ananiona. Lakini nyumba yangu si benchi. Huko wazee hawajapewa kunipangia nani atalala. Hao wakiniambia niache kumtii Mungu ili niwatii wao, hapo masikio yangu hayasikii vizuri."

Kwa hiyo mwanamke huyu alijua mpaka wa mamlaka ya wazee ulipita wapi, na mimi nilikuwa nimekaa Malaba, mpakani kabisa, nisijifunze. Alinyenyekea pale palipostahili kunyenyekea na pale pengine akasimama, na vyote viwili alivifanya kwa utii uleule mmoja. Nilikuwa nikifundisha somo hilo kwa chaki. Yeye alikuwa analiishi na watoto chini ya paa lenye tundu.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, Jumamosi alasiri, ile ya kupima nguvu. Jumapili Mama Egesa alifika na watoto wakiwa na nguo zenye unyevu, wakaketi benchini, chini yao pakawa na kidimbwi. Mzee Zakayo ndiye aliyeongoza maombi. Aliomba mvua. Aliiomba kwa sauti ya kushuka kisimani, mvua ya baraka kwa mahindi na pamba, mvua nyingi, isikawie. Mama Egesa, ambaye mvua hiyo ilikuwa imeshamjibu kitandani, alisema Amina.

Nilifunga ibada bila kujua nilisema nini. Watu walipotoka nilibaki nimesimama nikilitazama lile benchi na kidimbwi chake. Loise alikuja akasimama karibu nami.

"Nyasi za Odoi bado ziko?" akauliza.

"Ziko. Zimelala uani kwa Mama Egesa. Mwanamume wa kupanda ndiye hayuko. Na mimi unanijua, nikipanda hata kitandani naona kizunguzungu."

"Nani amekuambia upande? Sheria yao inasema mwanamume akipanda amemrithi. Juu ya mwanamke akipanda inasema nini?"

Nilifikiri. Haisemi kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza jambo hilo. Mwanamke hapandi paa kwetu. Wangeona aibu kuliko dhambi.

"Watu watasema nini?" nikauliza, nikajisikia nikiuliza.

"Mimi nitakuwa juu," Loise akasema. "Mtu wa ndani anahitajika kupokea kamba na kuirudisha. Wewe utakaa ndani. Si ndiko unakopenda?"

Kwa asiyejua kuezeka: fungu la nyasi hushonwa kwenye fito kwa kamba, na aliye juu hupitisha kamba ndani kwa sindano ya mti, naye aliye ndani huizungusha kwenye fito na kuirudisha. Ili aliye ndani afike huko juu, anahitaji kitu cha kusimamia, kirefu na kizito kisichoyumba. Tulitazamana, kisha tukatazama chini.

Tulilibeba benchi sisi wawili na akina mama wa kwaya, mchana kweupe, tukapita nalo njia ya watu wote. Nilikuwa nyuma, nikihema kama ng'ombe wa kulima. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, wenye dhambi walikuwa wazito hivi?" Nikamwambia ni waliowakalisha ndio walioliongezea uzito.

Loise alivaa suruali yangu ya shamba chini ya gauni, akajifunga leso kiunoni, akashika kibao cha Odoi, akapanda. Mama Egesa na akina mama walimpitishia mafungu. Mimi nilisimama ndani juu ya benchi la wenye dhambi, shingo juu, vumbi la nyasi likiniingia machoni, nikipokea kamba na kuirudisha. Sijawahi kuwa na manufaa zaidi kwa kanisa nikiwa nimejificha namna ile.

Tulikuwa tumebakiza kilele niliposikia sauti ya kisima huko nje.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Niko huku ndani, mzee."

"Mteremshe mke wako."

"Mzee, nikiwa huku simwoni."

Kisha nikamsikia Loise kutoka juu, bila haraka: "Mzee Zakayo, shikamoo. Mnasema anayeezeka nyumba ya mjane amemrithi. Basi mimi nimemrithi Mama Egesa. Nitamtunza. Mwambie Ojiambo asisumbuke tena. Na kama mikono yako haina kazi, nipitishie hilo fungu lililo karibu na kiatu chako."

Akina mama wa kwaya waligundua wote kwa pamoja kwamba wana kikohozi.

"Na benchi la kanisa?" Zakayo akauliza. Sauti ilikuwa imepanda kidogo kutoka kisimani.

"Nimelisimamia, mzee," nikasema. "Mkitaka kunitenga, nimeshafika mahali penyewe."

Mzee yule angeweza kuniondoa kazini kwa neno moja kwa kasisi, na ningehamishwa mbali na kuku wangu. Hakusema neno hilo, kwa sababu wakati huohuo yale maombi yake ya asubuhi yalijibiwa.

Ilikuja ile mvua yetu ya upande wa ziwa, isiyobisha hodi. Loise alifunga fundo la mwisho la kilele, akateremka kama kopo linaloviringika. Akina mama wakakimbilia ndani. Mzee Zakayo alisimama uani na koti lake jeusi. Mti wa karibu ulikuwa mbali, na nyumba ya karibu ilikuwa hii. Nilimwona kupitia mlangoni akitazama mlango huo wa mjane, akatazama mbingu, akatazama koti. Kisha akaingia.

Ndani hapakuwa na mahali pa kuketi isipokuwa pamoja, juu ya benchi. Nikashuka, nikalipangusa benchi kwa kiganja, kama nilivyolipangusa miaka yote.

"Karibu, mzee," Mama Egesa akasema. "Keti."

Akaketi. Benchi halikuwa na mgongo, kwa hiyo hakuegemea. Mama Egesa alichochea moto, akampa chai kwanza yeye kwa sababu ndiye mzee, akampa kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo kama tunavyowapa wakubwa. Hakukuwa na kejeli ndani yake. Mimi ningetia kejeli badala ya sukari. Tulisikiliza sote mvua ikipiga juu, tukitazama kilele. Halikudondoka hata tone.

Zakayo naye alitazama juu kwa muda mrefu.

"Haivuji," akasema mwishowe.

"Mungu ametusaidia, mzee," Mama Egesa akajibu. "Nikuongezee?"

Akaongezewa. Mvua ilipopungua aliondoka, na watu waliojikinga mvua chini ya paa za jirani walimwona akitoka katika nyumba ya mjane. Kwa sheria yake mwenyewe ilikuwa kesi nzito kuliko ya Odoi, maana Odoi hakuingia hata ndani. Hakuna aliyemshtaki. Kasisi alipofika kuleta Meza, Mama Egesa alikuja mbele akapokea, na Mzee Zakayo, aliyesimama pale na kazi ya kusema nani ametengwa, alisoma kitabu chake cha nyimbo kama mtu aliyekipata siku hiyo. Ojiambo alipata shughuli Busia. Shamba lilibaki kwa watoto.

Zakayo hakuomba msamaha. Mpaka tulipomzika, na mimi ndiye niliyemzika, hakusema "tulikosea". Nilisoma sala zote bila kuruka, kwa kuwa Mungu hakunipa mimi pia ufunguo wa kuchagua nani aingie, lakini nikiwa nyumbani na miguu juu ya kigoda bado hasira hiyo hunipanda. Huwa naiombea, kama nilivyoagizwa. Imekuwa nzuri kidogo. Haijaisha.

Sasa wewe, Barasa, na hao wazee wako wapya wenye sauti za kisima. Mnataka benchi kwa kuwa watu hawanyenyekei. Nami nakubali, hawanyenyekei. Nimeanza kuwatazama kuanzia safu ya mbele. Benchi halikupotea. Hakuna mzee aliyekuwa na uso wa kwenda kulidai, kwa hiyo liko palepale kwa Mama Egesa, ambaye ni mzee sasa na masikio yake bado hayasikii vizuri pale yasipotaka. Wajukuu wake hufanyia kazi za shule juu yake. Nendeni mkalichukue, njia mnaijua. Ila atakayekwenda ajue mambo ya mle: ataambiwa kwanza aketi juu yake, atapewa chai kwa mikono miwili, na atakunywa akitazama lile paa. Akimaliza kikombe na bado analitaka, aje anichukue mimi nimsaidie kulibeba.